Naombeni ushauri: Mzee wa Kizungu anakuja kumuona babu yangu aliyekuwa anauza kaunta kambi ya Kahawa

Mjukuu wa Muheza

Wakuu habari za majukumu. Naombeni ushauri na naomba tuheshimiane, mwenye matusi apite kimya kimya.

Babu yangu mzaa baba aliondoka huku Muheza akiwa kijana akaenda Nairobi kutafuta maisha, enzi hizo pesa moja na mpaka hauna usumbufu. Akapata kazi kwenye kantini za jeshi la Mwingereza, kwanza Eastleigh kwenye kambi ya ndege, baadae Kahawa, klabu ya makoplo, yeye yuko kaunta na kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na tarbushi kichwani. Alifanya pale mpaka 1966 wazungu walipoondoka akarudi nyumbani na bati la biskuti lina picha, kadi za tombola (ule mchezo wa kuita namba) na vikaratasi vya madeni ya askari waliokunywa wakasepa.

Mwaka jana nikaingia kwenye grupu moja la wazee wa Kiingereza waliowahi kukaa Kenya jeshini, kazi yao kukumbushana mambo ya klabu zao tu. Nikatupia picha moja ya kaunta. Aisee, watu walivyochangamka! Mzee mmoja ana miaka 82 akamtambua babu, akasema huyu ndiye alikuwa ananikopesha bia mwisho wa mwezi. Na kweli vikaratasi vyake ninavyo vina sahihi yake, deni pauni 6 yaani shilingi 600 za wakati ule. Tumeandikiana miezi minane sasa na ameshakata tiketi, mwezi ujao atashuka Nairobi aione Kahawa, aende Mombasa, avuke Horohoro mpaka Muheza aje kumshika babu mkono.

Swali langu, mzungu wa umri huo unampokeaje, analala wapi, anakula nini, nyumbani choo cha shimo. Na je kuna shida yoyote kisheria mgeni akija akakuta mambo sivyo alivyotarajia? Usingizi sina wakuu.

Kibuyu Tupu

Wa kwanza. Mzungu anakuja na wewe unaulizia choo? Mkuu chimba kipya weka na kiti, hiyo ni fursa.

Bi Mkubwa wa Nyali

Mwanangu usihangaike na chakula. Mpikie wali wa nazi na samaki wa kupaka usitie pilipili nyingi, chai ya maziwa, maji ya chupa, basi. Mimi marehemu mamangu alikuwa akifua mashuka ya kambi ya mapumziko ya wanajeshi hapa Nyali, walikuwa wakiletwa kutoka bara kuja kuoga bahari wiki mbili wanarudi wamewiva kama kamba wa kuchemsha. Baadae tena 1966 na kuendelea zikawa zinakuja manowari zile zilizokuwa zikizuia mafuta yasifike Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kupitia Beira, zikitoka doria zinatia nanga Kilindini, wallahi Mombasa nzima ilijua leo meli imeingia maana mpaka wauza madafu walipandisha bei. Mamangu alikuwa akisema shuka la mwanajeshi analijua kwa harufu, bia na mafuta ya nazi ya kujipaka wasiungue na jua. Sisi wadogo tukipewa biskuti za kantini. Siku hizi biskuti zile hazipo.

Mhasibu Mstaafu

Kijana, kabla ya choo. Pauni 6 hazikuwa shilingi 600. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa 20 kwa pauni moja, kwa hiyo ni shilingi 120. Nani amekupigia hiyo hesabu?

Mjukuu wa Muheza

@Bi Mkubwa asante sana mama. @Mhasibu nimekosea kuandika tu mkuu, simu.

Jamani hapo kwenye kisheria hakuna mwanasheria humu?

mwanaMuscat

Bwana we umenikumbusha mbali. Sie baba yetu alitoka Unguja baada ya mapinduzi, kuja Oman akapata kazi kisiwa cha Masirah kwenye kambi ya ndege za Waingereza. Kisiwa kitupu, mchanga, upepo na kasa. Walikuwa na treni dogo la kuvuta mizigo kutoka ufukweni, baba akipanda juu ya magunia. Klabu ndiyo ilikuwa roho yao wale, maana hakuna mji, hakuna wanawake, hakuna kitu. Usiku sinema ya uwanjani, upepo ukivuma ile pazia inajaa kama tanga, uso wa muigizaji unavimba unapinda, watu wanacheka kuliko hiyo sinema yenyewe. Baba akiwakaangia chapati wakawa hawataki tena mkate wao. 1977 wakafunga virago wakakabidhi kambi. Mpaka anakufa anawaongelea kwa majina ya utani tu, majina yao khasa hakuwahi kuyajua.

Sasa mie nauliza, babu yako mwenyewe anasemaje kuhusu huyo mgeni? Umetwambia habari za mzungu tu.

Kibuyu Tupu

Swali zuri. Babu ana miaka mingapi? Kama alikuwa na kazi miaka ya hamsini leo si chini ya 88.

Mjukuu wa Muheza

Angekuwa na 91.

Kibuyu Tupu

ANGEKUWA????

Shangazi Korogwe

Uwiii

Mhasibu Mstaafu

Kijana. Babu yuko hai?

Mjukuu wa Muheza

Naomba mnielewe kwanza kabla ya kunihukumu.

Babu alifariki 2011. Mwanzoni sikudanganya mtu, niliweka picha nikaandika huyu ni babu yangu. Wao ndio wakaanza kuuliza "anaendeleaje, msalimie", ningefanyaje, nikasema anawasalimia. Kesho yake watu arobaini wamejibu, wengine wanalia kabisa. Wanauliza babu anakumbuka ile siku ya tombola, nikasema anakumbuka. Wakaanza kuuliza vitu vidogo vidogo nikawa nasoma kule kule wanachoandika wenyewe, narudi na mwezi baadae nakisema kwa mdomo wa babu. Mfano walisema kwenye tombola 11 wanaiita miguu na 88 mabibi wawili wanene, nikaandika babu anacheka mpaka leo akisikia themanini na nane. Sikuona ubaya, wazee wanafurahi, wengine wako wenyewe kwenye nyumba za kutunzia wazee. Nani ameumia hapo?

Huyu wa tiketi ndio kanishtukiza. Sikumuita.

Shangazi Korogwe

Nani ameumia? Umemfanya marehemu aongee kwenye Facebook miezi minane bila hata kumsomea dua. Tubu.

Jembe la Pongwe

😂😂😂 Marehemu ana mtandao kuliko mimi niliye hai

Wa Ruaraka

Hapo kwa pesa hujasema. Ametuma ama hajatuma?

Mjukuu wa Muheza

Sikuomba.

Wa Ruaraka

Sijauliza kama uliomba.

Mjukuu wa Muheza

Mara mbili. Pauni 150 za macho, kwa sababu aliuliza babu anaonaje nikasema macho yanamsumbua, hilo kweli yalimsumbua kabla hajafa. Halafu 80 za sikukuu. Na sikuzila zote wakuu, mia na kitu nimejengea kaburi la babu maana lilikuwa limetitia. Kwa hiyo kwa namna fulani zimemfikia mlengwa.

Jembe la Pongwe

Nimetoka nje kucheka. Mzee wa watu amemjengea kaburi rafiki yake anayedhani anatibiwa macho.

Mhasibu Mstaafu

Ukimpokea mtu pesa kwa jina la asiyekuwepo, hiyo kesi mwanasheria yeyote atakwambia inaanzia wapi. Jibu la swali lako la kisheria ndilo hilo, sasa unaweza ukalala.

Mjukuu wa Muheza

Ndio maana nina mpango, nilitaka kwanza nione busara zenu. Babu ana mdogo wake, babu mdogo tunamuita, ana miaka 84, yupo hapa hapa Muheza, maisha yake yote mashamba ya mkonge, Nairobi hajawahi kukanyaga. Wanafanana pua na kipaji. Sikio moja halisikii kwa hiyo maswali magumu anaweza asiyasikie. Ni siku mbili tu. Mzee anamuona rafiki yake, anashika mkono, wanapiga picha, anarudi kwao anakufa kwa amani. Nani anapoteza?

Nilishaenda kwa fundi cherehani kapimwa kanzu. Mshipi mwekundu nimepata Tanga mjini. Imebaki tarbushi.

Kibuyu Tupu

Sasa ngoja. Nimekaa kimya nasoma. Hii ni CHAI na sukari imezidi.

Jamaa kasema babu alifanya kazi Kahawa mpaka 1966 wazungu walipoondoka. Kenya uhuru Desemba 1963, mwaka mmoja mbele jeshi la Mwingereza likawa limeshaondoka, na 1965 zile kambi za Kahawa zikakabidhiwa serikali zikawa Kenyatta College, hiyo hiyo leo ni Kenyatta University. 1966 babu yako alikuwa anamuuzia bia nani, mwalimu wa zamu? Halafu pauni moja shilingi mia. Halafu kuna sikio moja zima na jingine bovu, kaburi la pauni, kanzu ya fundi. Huyu anaandika hadithi anatafuta wasomaji, kesho atatuwekea sehemu ya pili na namba ya kulipia.

Jembe la Pongwe

Aisee nilishaanza kumuonea huruma. Mods ungeni huu uzi na ule wa yule aliyeoa jini.

Shangazi Korogwe

Mimi nilijua tangu mwanzo. Mjukuu wa kweli huwezi kusema "angekuwa na 91" kirahisi hivyo.

mwanaMuscat

Nyie mna haraka. Mtoto wa mtu anakosea mwaka, nani humu anajua mwaka babu yake alioacha kazi? Mie wa baba yangu mwenyewe nimeujua kwa sababu ya cheti.

Wa Ruaraka

Mimi sijui kama ni chai. Lakini wacha niseme kitu halafu mrudi kwa utani wenu.

Kwetu hapa hiyo Kahawa ni mbele kidogo tu kwa barabara ya Thika, na kiwanda cha Tusker kiko Ruaraka, lori la bia kufika kambini haikuwa safari. Babu yangu mimi alikuwa anafanya kazi ya kantini kambi ya ndege Eastleigh. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi likazunguka Nairobi yote kusaka Mau Mau, hiyo ndio waliita Anvil, Mkikuyu, Muembu, Mmeru, wote chini, mikono kichwani, unapita mbele ya mtu amefunikwa gunia ana matundu mawili ya macho, akitingisha kichwa umeenda. Babu akapandishwa lori na aproni yake ya kantini, kambi ya kizuizini Langata, halafu Manyani. Alirudi baada ya miaka minne. Na hao wazungu bia hawakuacha kunywa, si ndiyo? Walitafuta watu wa makabila mengine wakajaza nafasi. Wakamba, Wajaluo, watu wa Tanganyika.

Sasa wewe Mjukuu, babu yako aliajiriwa mwaka gani pale Eastleigh?

Mjukuu wa Muheza

1955.

Wa Ruaraka

Sawa.

Bi Mkubwa wa Nyali

Ya Rabbi.

Wa Ruaraka

Simlaumu yeye, njaa ni njaa. Lakini hao wazee kwa hilo grupu wakiandika vile klabu ilikuwa raha, ujue mtu mweusi aliingia hapo akibeba sinia tu. Hata askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, aliyepigana Burma alikuwa na kantini yake kando. Na wewe unawajibu kwa sauti ya babu kwamba anacheka mpaka leo. Uliwahi kumsikia akicheka?

Mjukuu wa Muheza

Nimekaa na hili swali toka jana usiku.

@Kibuyu sio chai. Nimeenda kulifungua bati tena. Vikaratasi vyenyewe vina mwandiko wa mkono wa babu, tarehe, idadi ya chupa na sahihi ya mzungu, nane ni vya Desemba 63 na sita vya Januari 64. Ile sita yake babu anaanza juu na ile nne anaifunga, mimi toka utotoni nilisoma 66. Baba ndio alikuwa anasema 66 na yeye hajui. Kwa hiyo huko uko sahihi, ila mimi sijatunga. Hiyo shilingi mia kwa pauni ndio nilitunga, hata kule kwenye grupu niliandika hivyo hivyo na hakuna aliyenisahihisha.

Kuhusu kucheka. Babu hakuwa mcheshi. Nairobi hakuwa anaiongelea. Kitu kimoja ndio nakikumbuka cha kwangu mwenyewe, kila jioni alikuwa anaosha kikombe chake cha chai mwenyewe, mara tatu, hataki bibi aguse, halafu anakifuta kwa kitambaa kwa kukizungusha kidole ndani, anakiinua kwenye mwanga wa kandili anakitazama kama anatafuta kitu. Kikombe cha bati, mwanga haupiti. Bado anainua.

Hicho niliwahi kukiandika kule na huyu mzee ndio alinijibu inboksi siku hiyo hiyo kwamba sasa naamini ni yeye.

Mhasibu Mstaafu

Januari 64 hiyo iangalieni vizuri. Tarehe 20 jeshi letu la Tanganyika liliasi kambi ya Colito, Dar, tarehe 23 likaasi la Uganda kule Jinja, tarehe 24 la Kenya pale Lanet. Serikali zote tatu zikaomba Waingereza waje. Huku kwetu walishushwa makomando kutoka manowari Centaur, ila Jinja walipelekwa wale waliokuwa Kenya, usiku, kwa ndege mpaka Entebbe. Inawezekana kabisa huyo koplo hakukimbia deni. Aliitwa akiwa na glasi mkononi.

Kibuyu Tupu

Nakubali yaishe. Ila kanzu hapana mkuu. Mtu wa miaka 82 hajasahau uso wa aliyekuwa anamkopesha.

Jembe la Pongwe

Miaka sitini hajamuona, atamjuaje? Mimi naona mpango ni mzuri ila babu mdogo afundishwe namba za tombola.

Mjukuu wa Muheza

Mrejesho wakuu, mtanisamehe ni mrefu.

Kanzu ilitoka juzi. Nikampelekea babu mdogo, akaivaa, nikamfunga mshipi. Akajitazama kwenye kioo cha kabati kitambo halafu akaanza kujifungua mwenyewe bila kusema neno. Nikamuuliza inabana? Akasema kaka yake alirudi Nairobi na kanzu mbili kama hizi, moja bibi yako alikata nepi za baba yako, ya pili aliifungia chini ya kitanda ikaliwa na panya na hakujali. Akasema mimi nilikuwa nakata mkonge mikono inavuja damu nikimuonea wivu yeye yuko mjini anavaa nyeupe. Siku moja nikamwambia kaka hivyo. Akanijibu mzungu mmoja akilewa alikuwa anamvua tarbushi anaitia bia halafu anamvika, kaunta nzima inacheka, na yeye inabidi acheke. Kila Jumamosi.

Basi akakunja kanzu akanirudishia. Akasema mgeni aje, mimi nitakaa kama mimi, mdogo wake. Akitaka kaburi nitampeleka.

Nikamuuliza huyo wa tarbushi ni huyu anayekuja? Akasema kaka hakutaja jina. Kama alivyosema mwanaMuscat.

Shangazi Korogwe

Sasa hapo hata mimi sijui niseme nini.

mwanaMuscat

Mwandikie. Usimpambie. Mwambie babu kafa mwaka huo, pesa zako hizi zimefanya hiki, mdogo wake yupo. Akifuta tiketi, kafuta.

Wa Ruaraka

Na umuulize kuhusu tarbushi.

Bi Mkubwa wa Nyali

Asimuulize hayo kwa simu. Mambo kama hayo mtu anaulizwa ameketi, ameshakula.

Mjukuu wa Muheza

Nimeandika usiku wa jana saa tano. Nimefuta mara nyingi. Mwishoni nikaandika fupi tu, kifo, miezi minane ni mimi, pauni 230 na kaburi. Nikaweka na picha ya kaburi. Ya tarbushi sijaandika, nimemsikiliza Bi Mkubwa.

Amejibu leo mchana. Hakusema anakuja au haji. Hakunitukana. Ameuliza kitu kimoja, vikaratasi vyangu viko vingapi.

Kibuyu Tupu

Anataka kulipa!!

Jembe la Pongwe

Pigeni riba tangu 64 familia yote ihamie Masaki

Mhasibu Mstaafu

Acheni utoto. Umemjibu vingapi?

Mjukuu wa Muheza

13. Viko 14 lakini kimoja mende wamekula kona yenye sahihi, siwezi kuapa ni cha kwake.

Mhasibu Mstaafu

Mwandikie tena mtajie na hicho cha 14.